Inalia Juu ya Nini?

Kelele ya kwanza ilianza siku ya Jumanne, nilipokuwa napasha moto sombe, yaani kisamvu, ya jana yake. Mashine ilikuwa inazunguka vizuri, taa yake ya manjano inawaka, nami nimeinama mbele ya kioo chake kama mtu anayetazama mpira. Mara nikasikia: krrrk. Kimya. Nikadhani ni panya darini. Baada ya kitambo kidogo: krrrk. Kimya tena. Krrrk. Mke wangu akachungulia mlangoni na kuuliza swali ambalo kwa wiki tatu zilizofuata liliulizwa na kila aliyekanyaga nyumba yetu, hata wale waliokuja kudai deni: "Inalia juu ya nini?"

Msomaji wa pwani anisamehe. Huku Katanga "juu ya nini" haiulizi kitu kimewekwa mahali gani, inauliza sababu. Nami sababu sikuwa nayo. Mimi ni mwalimu wa historia. Mashine nazijua kwa tarehe zake, si kwa nyaya zake.

Mashine yenyewe ni mikro-onde. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema maikrowevu. Sisi tuliorithi Kifaransa cha Wabelgiji tunasema mikro-onde. Na mama mkwe wangu, ambaye anakaa kwetu tangu mwezi wa saba, anasema "ile kintu". Ilitufikia kutoka kwa shemeji yangu wa Lubumbashi, aliyeinunua kwa mchuuzi aliyeipokea kutoka Dubai kupitia bandari ya Dar es Salaam, halafu kwa lori hadi Tunduma, ikavuka Zambia nzima, ikaingia Kasumbalesa. Shemeji alipohamia nyumba ndogo isiyo na meza ya kuiweka, akatukumbuka. Mimi ndiye niliyeipakata kwenye basi kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita 120 hivi, kisha nikaipakata tena kwenye teksi kwa zile 25 za mwisho hadi Kambove. Njiani nilihesabu malori ya shaba yanayoelekea upande wa pili hadi nikachoka. Barabara yetu ina biashara ya namna hiyo: shaba inashuka, vyombo vya jikoni vinapanda. Hilo la shaba mliweke akiba, tutalirudia.

Kwa asiyeijua Kambove, ni mji unaokaa kando ya mashimo yake. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba hapa tangu enzi zake za mwanzo. Serikali ya Mobutu ikaitaifisha mwaka 1967, baadaye ikawa Gécamines, na akina baba wakaendelea kwenda kazini. Mtoto wa hapa anajifunza kusikiliza mashine kabla hajajifunza kusoma. Lori likipanda mlima anajua limebeba au ni tupu. Pampu ikianza kuvuta hewa badala ya maji, atakwambia huku anacheza mpira. Ndiyo maana mikro-onde yangu ilipoanza kulia sikupata hata mtu mmoja wa kuniambia "sijui". Nilipata mtaa mzima wa mabingwa.

Wa kwanza alikuwa mzee wa nyumba ya kushoto. Huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye konsantratere, penye vinu vya kusaga mawe, na ni mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioiacha Gécamines katika ule mpango wa mwaka 2003 ulioitwa kuondoka kwa hiari. Ukimtajia neno hiari anacheka mpaka anakohoa. Vile vinu ni mapipa makubwa ya chuma yanayozunguka, ndani yake mna mawe na mipira ya chuma, na hakuna dirisha la kuchungulia. Mtu anasikiliza tu. Kinu kilichoshiba kinatoa sauti nzito, ya mtu aliyevimbiwa. Kinu chenye njaa kinapiga makelele kama debe lililofungwa kwenye mkia wa mbwa. Mzee alilala, akaamka na akalipwa kwa masikio yake, na hajayastaafisha.

"Nipe turnavisi," akasema.

Nikampa. Tukaweka kikombe cha maji ndani ya mashine, maana kuiendesha tupu ni kuitafutia kifo: mawimbi yakikosa cha kupasha moto yanarudi kuichoma iliyoyatoa. Mzee akaweka ncha ya bisibisi kwenye bati la mashine, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Nyumba nzima tukanyamaza. Hata kuku uani alinyamaza, au labda nakumbuka vibaya.

Krrrk.

"Moja," akasema mzee. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Krrrk. "Sekunde kumi na mbili." Krrrk. "Tena kumi na mbili." Akafungua macho. "Hii sahani ya kioo, inachukua muda gani kumaliza mzunguko mmoja?"

Sahani ina ufa mdogo pembeni, kumbukumbu ya lile basi la Likasi. Tukautazama ufa ukiondoka mbele yetu na kurudi. Sekunde kumi na mbili.

Niseme ukweli, nilitaka kumpigia makofi. Watu wanasomea mambo haya vyuoni. Kelele inayokuja mara moja kwa kila mzunguko inatoka kwenye kitu kinachozunguka. Kelele isiyojali mzunguko itafutwe kwingine. Laiti mzee angeishia hapo. Lakini fundi hawezi kutaja ugonjwa asitaje dawa, na dawa ya mzee, kwa miaka yote ya vinu, ilikuwa moja.

"Rulma imekufa, mwalimu. Nenda Likasi ukatafute rulma."

Hivyo Jumamosi nikaenda Likasi kutafuta beringi. Muuza vipuri wa kwanza aliniuliza, "Ya Fuso ao ya Land Cruiser?" Nikamjibu, "Ya mikro-onde." Akanitazama. Akaniomba niseme tena. Kisha akaita jirani yake wa duka la pili, akaniomba niseme mara ya tatu, ili naye asikie. Nilizunguka soko kwa muda wa saa nne. Nilipochoka nikamchukulia mzee rulma ndogo kuliko zote nilizoziona, iliyotoka, nadhani, kwenye dinamo ya gari, nikailipa dola nane. Nilikuwa na noti moja ya dola kumi iliyochanika ukucha mmoja kwenye pembe, na kila mkazi wa Kongo anajua noti ya namna hiyo ina thamani gani: ya kuangalia. Ikabidi nikope dola nane safi kwa mwalimu mwenzangu niliyemkuta pale, naye akataka kujua ni za nini. Nikasema, dawa.

Niliporudi nyumbani jioni nilikuta mlango wa jikoni wazi, moshi unatoka, na mama mkwe amekaa uani mbali kabisa na nyumba, ameipa mgongo.

Hapa nieleze kidogo. Kwa mila za upande wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na hawatupiani maneno hivihivi. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia mjukuu, hata kama mimi nimekaa hatua tatu tu kutoka hapo. Mwanangu wa mwisho, mwenye miaka tisa, ndiye posta yetu. Analipwa kwa karanga.

"Ambia papa yako," akasema mama mkwe, akiutazama mwembe, "ile kintu iko na radi mu tumbo."

Ilikuwa hivi. Mke wangu, ili kumheshimu mama yake, alikuwa ametoa kabatini sahani za arusi, zile zenye mstari wa dhahabu ukingoni, ambazo mama mkwe mwenyewe alitupatia na ambazo kwa kawaida hutoka kwa ajili ya padri tu. Akaweka samaki tomson juu ya moja, akaitia ndani ya mashine, akabonyeza. Kwa sekunde mbili hivi mambo yalikuwa sawa. Halafu: ta! Ta-ta! Tzzz! Cheche za buluu zikakimbia kuuzunguka mstari wa dhahabu kama sungusungu wa moto. Mama mkwe alikuwa ameinama pale kwenye kioo akisubiri samaki wake. Kwa umri wake, mke wangu ananiambia, hakutarajia aweze kufika mwembeni kwa kasi ile.

Jumapili mwalimu wetu wa fizikia akaja kula chakula cha mchana, akaombwa aeleze. Akaeleza kama alivyo, kwa chaki ya mkononi isiyokuwepo. Mle ndani, akasema, mna kifaa kinachoitwa magnetroni, kinachotoa mawimbi ya aina ya yale ya redio na rada, kila wimbi lina urefu wa sentimita 12 hivi. Mawimbi hayo yanayumbisha maji yaliyomo ndani ya chakula, na kuyumba huko ndiko joto. Chuma kinene kinayarudisha mawimbi kama ukuta unavyorudisha mpira. Lakini chuma chembamba, kama uzi wa dhahabu kwenye sahani, umeme unakimbia juu yake, ukifika palipokatika unaruka, na kuruka huko ndiko ta-ta-ta. Wavu wa kwenye mlango una matundu madogo mno kwa wimbi la sentimita 12: mwanga unapita, wimbi linabaki, kama vile chekeche inavyopitisha unga na kuzuia pumba.

Mama mkwe alisikiliza yote kutoka chumba cha pili. Halafu posta ikafika mezani na swali la bibi yake, mdomo umejaa karanga: "Kambo anauliza, miale yake ni ya Shinkolobwe?"

Hapo, wasomaji, ndipo nilipong'ara, maana hatimaye swali lilikuwa la historia.

Shinkolobwe iko katika teritwari yetu hii ya Kambove, si mbali na Likasi. Urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, sehemu yake kubwa ilitoka kwenye shimo hilo. Tani 1,200 hivi zilikuwa zimekwisha kufichwa ghalani New York tangu mwaka 1940, kwa uamuzi wa mkubwa mmoja wa Union Minière, Edgar Sengier. Bibi zetu wanalijua jina la Shinkolobwe kama watu wengine wanavyolijua jina la mto wenye mamba. Basi nikamwambia posta amjibu kambo yake hivi: hapana, si miale ile. Urani inatoa miale yake usiku na mchana, utake usitake, miaka kwa miaka. Mikro-onde ukiizima, imezimika. Hakuna kinachobaki ndani isipokuwa harufu ya samaki. Lakini, nikaongeza, kwa kuwa nilishapanda jukwaani na sikutaka kushuka, bomu lile na mikro-onde ni watoto wa vita ileile. Magnetroni ilitengenezwa kwa ajili ya rada. Na mwaka uleule wa 1945, huko Marekani, fundi mmoja wa kampuni ya Raytheon, Percy Spencer, inasimuliwa kwamba alisimama karibu na magnetroni ikiwa inafanya kazi, akagundua chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo ombi la hataza lilikuwa limeshawasilishwa. Mtu huyo hakumaliza hata shule ya msingi, jambo ambalo huwa nawaficha wanafunzi wangu. Mashine ya kwanza iliyouzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ya kukaa mezani ilikuja mwaka 1967, kwa dola 495, mwaka uleule ambao Union Minière ilitaifishwa.

Posta ilirudi na jibu fupi. "Kambo anasema, basi mbona haijaoshwa?"

Kumbe. Toka mashine iingie nyumbani kwetu, sisi sote, mabingwa wa mawimbi, vinu na vita vya dunia, hatukuwahi kuitoa sahani ya kioo na kuiosha. Mama mkwe alikuwa ameshaona. Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa shuleni, alishinda woga wake, akaichomoa waya kwa kutumia kipande cha kitenge kama anayeshika nyoka mkia, akatoa sahani, akatoa na ile pete yenye vigurudumu vitatu inayokaa chini ya sahani. Niliporudi nikakuta mezani, mbele ya kiti changu, kisahani kidogo kimefunikwa kwa heshima zote. Nikafunua. Punje tatu za mahindi, ngumu kama kokoto, moja imesagika upande.

"Ambia papa yako," ikatoka sauti chumba cha pili, "rulma yake njo hii."

Uchunguzi ulikuwa mfupi. Posta yetu ilikuwa imesikia kwa rafiki yake kwamba mashine hizi zinatengeneza bisi. Ikachota gao moja la mahindi kwenye gunia la bukari, yaani ugali, ikayamwaga juu ya sahani, ikabonyeza. Sasa, mahindi ya bukari si mahindi ya bisi. Ya bisi ganda lake linabana mvuke mpaka punje ipasuke yote kwa pamoja. Ya kwetu ganda linavujisha, punje inakauka tu na kukasirika. Mtoto alipoona hayapasuki, akayakumba haraka, na matatu yakaanguka chini ya sahani. Kila mzunguko, kila sekunde kumi na mbili, punje ilikwaruzwa: krrrk.

Nilimpelekea mzee habari pamoja na rulma ya dola nane. Aliipindua mkononi, akaisifu, akasema ni ya Kijapani. Kisha akasema, "Nilikwambia ugonjwa uko kwenye mzunguko." Siwezi kumpinga. Rulma amebaki nayo. Inazuia mlango wake usipigwe na upepo.

Kwa siku mbili tulipata amani. Siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikatia bukari, nikabonyeza, na mashine ikaanza kuguna. Si krrrk, si ta-ta-ta. Mmmmmmm. Ngurumo ya chini, ya tumboni, inayopanda na kushuka kama kwaya ya wanaume wanaotafuta noti. Sahani inazunguka, taa inawaka ila imefifia kama mshumaa, feni inavuta pumzi kwa shida. Dakika tatu. Nikatoa bukari: baridi kama ilivyoingia. Kesho yake asubuhi nikajaribu tena, na mashine ikafanya kazi vizuri kabisa, kimya, bukari ikaungua. Jioni: mmmmmmm.

Mke wangu ni mtu wa sala. Aliona kwamba kitu kinachonguruma jioni na kutulia asubuhi hakihitaji fundi. Akamwita pasta wa kanisa dogo la nyuma yetu. Mimi ni Mkatoliki wa kawaida, wa Pasaka na matanga, sikuwa na neno. Pasta akafika saa moja kasoro, amevaa tai, akaomba mashine iwashwe ili aisikie. Mmmmmmm. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeitambua sauti. Akaweka mkono juu ya bati, akaanza taratibu, akapanda, akapanda zaidi, mpaka jasho likamtoka, na alipofika kileleni akapiga kelele: "Nyamaza!"

Ikanyamaza.

Na taa ya jikoni ikazimika. Na ya sebuleni. Na redio ya jirani. Mtaa wote wa Kambove upande wetu ukawa giza tupu, na katika giza hilo, kimya kikubwa, mpaka sauti ya kijana mmoja ikatoka barabarani ikimtukana mtu wa umeme na mama yake. Umeme ulirudi baada ya siku mbili. Pasta amepata waumini wapya watatu kutokana na tukio lile. Lakini pia kuna mama mmoja mwenye friji ya samaki ambaye mpaka leo hamwamkii.

Ikabaki kuita fundi wa kweli. Nilimpata Likasi, kijana anayetengeneza redio, simu na stabilizateri. Alikuja na mfuko wa shule mgongoni. Jambo la kwanza alilofanya lilinifanya nimheshimu: kabla ya kugusa skrubu, aliwatoa watoto wote jikoni. Mle ndani, akasema, kuna kondansatere inayoweka umeme wa volti zaidi ya 2,000, na inauweka hata mashine ikiwa imechomolewa. Televisheni inakurusha, akasema, hii inakuzika. Nami nawaambia ninyi kama alivyoniambia: kuosha sahani, pete na kuta za ndani ni kazi ya mwenye nyumba, kufungua bati si kazi yake. Akalifungua, akachukua turnavisi yenye mpini wa plastiki nene, akaigusisha kwenye ncha zote mbili za kile kikopo. PAH! Mzee wa vinu, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alirudi nyuma hatua moja, akajikaza, akasema anajua sauti hiyo.

Cheche za samaki zilikuwa zimeacha alama. Ubavuni mwa tundu la mawimbi kuna kikaratasi cha mika kinachozuia mafuta yasiingie kwenye magnetroni; chetu kilikuwa kimeungua, kina doa jeusi, na doa jeusi la mafuta yaliyogeuka makaa huendelea kutoa cheche lenyewe hata bila sahani ya dhahabu. Fundi alitoa karatasi ya mika kwenye daftari lake, akaipima, akaikata kwa mkasi kama mshona nguo, akaipachika. Dakika tano.

Kisha akafika kwenye lile pande la chuma lililozungushiwa waya, transfo, ambalo ndilo lililokuwa linanguruma. Nikamwambia, kwa fahari kidogo, kwamba hiyo angalau ni kitu cha kwetu. Nilikuwa nimelifikiria tangu kule kwenye basi: shaba iliyotoka mashimo haya, ikaenda baharini, ikafika kiwandani, ikasukwa kuwa waya, ikarudi Kambove ndani ya mashine ya jikoni. Nilitaka hata kuwaeleza wanafunzi. Waya ulikuwa mwekundu, unang'aa, mzuri. Jimbo letu lote liliitwa Shaba, tangu mwaka 1971 hadi 1997, na mimi nimezaliwa humo. Rangi hiyo siwezi kuikosea.

Fundi hakusema kitu. Akachukua wembe, akakwangua ncha ya waya. Chini ya rangi nyekundu ukatokea weupe.

"Aluminyo," akasema.

Mzee alivua kofia yake. Nadhani hakujua anaivua kwa sababu gani. Tulisimama pale watu watatu, katika mji unaokaa kando ya mashimo ya shaba, tukitazama waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Fundi akatufariji kwamba mashine nyingi za bei ndogo ziko hivyo, na kwamba alumini inafanya kazi, ila inapata joto zaidi. Mzee akauliza kama anaweza kuukwangua mwenyewe. Akapewa wembe. Akakwangua mahali pengine, labda pale shaba iko. Haikuwepo.

"Sasa inalia juu ya nini?" nikauliza, maana nililipa dola kumi, noti nzima, na sikuwa nimelipia msiba.

Fundi akasema tungoje jioni. Tukangoja. Saa kumi na mbili na nusu akatoa kipimo chake, akakichomeka kwenye soketi. Namba inayotakiwa pale ni 220. Kipimo kikaonyesha 158. Tukatazama. 154. 161. 149. Kila namba iliposhuka, mashine iliguna. Ilipopanda, ikaguna kidogo kwa unafuu. Akatueleza: hiyo transfo inakuza umeme unaoingia mara nyingi, ili magnetroni ipate volti kama 4,000. Ukiipa 150 badala ya 220, magnetroni haifiki pa kuanzia kazi. Sahani itazunguka, taa itawaka, transfo itanguruma, lakini mawimbi hayatoki, au yanatoka ya kutia huruma. Mashine haina ugonjwa. Ina njaa, kama kile kinu cha mzee.

Na njaa yake inatoka wapi? Fundi akafungua mlango wa jikoni, akanyoosha kidole. Kwenye kila nyumba ya avenyu yetu, saa ile, kulikuwa na resho ya umeme chini, nyekundu kama jicho la mlevi, na juu yake sufuria ya maharage. Makala yamepanda bei. Umeme ukiwepo, kila mtu anapikia umeme. Resho mia moja kwenye kabini moja ya umeme iliyowekwa enzi za nyumba ishirini. Tena huu ni mwezi wa kumi, mvua haijaanza, mito iko chini. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, liko katika teritwari yetu na limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1930. Tangu mwaka 1982 kuna na ule wa Inga unaosafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi. Migodi inakunywa kwanza. Sisi tunalamba sahani, tena wote kwa wakati mmoja.

Fundi alipoondoka, nilifanya jaribio moja la kisayansi, la kwanza maishani mwangu. Kipimo alikuwa ameniachia kwa siku moja. Nilikichomeka, kikasoma 152. Nikazima resho yetu wenyewe, iliyokuwa na maharage ya mama mkwe. Kikapanda hadi 160. Mashine ikapunguza kuguna, nasema kweli, mke wangu ni shahidi. Nikawasha tena resho upesi, kabla sufuria haijaacha kuchemka na kabla posta haijaamshwa.

Kwa hiyo, majirani zangu, nawaomba kwa unyenyekevu: kesho saa kumi na mbili na nusu jioni, zimeni resho zenu kwa dakika mbili. Mbili tu. Nina bukari na kapenta za kupasha moto. Na wewe mwanangu, karanga ziko kabatini. Nenda umwambie kambo yako, kwa heshima zote, kwamba na yake pia.